Suruali ya Kipa Iliyosimama Yenyewe

Siku subira yangu ilipokatika nilikuwa nyuma ya ukumbi wa barafu, miguu kwenye theluji, natazamana na suruali ya kipa. Suruali ya kipa wa mpira wa magongo wa barafuni ni fupi na nene kama godoro. Hii ilikuwa imesimama. Hakuna aliyeishika, wala haikuegemea ukuta. Ilikuwa imeganda, miguu imepanuka kidogo, kama mtu anayengoja basi.

Nyuma yake, kwenye kichanja cha chuma chenye magurudumu, zilining'inia jezi, glavu, vikinga mabega na vikinga ugoko vya timu nzima ya wanawake. Ukizigonga zinalia ko, ko. Juu ya kichanja kulikuwa na kikaratasi kimebandikwa kwa utepe, mwandiko mzuri kabisa: "Hamjambo! Tumevitoa vitu hivi nje vipate hewa safi. Salamu za kirafiki, sisi wa Jumamosi." Chini yake wamechora uso unaotabasamu.

Mechi ilikuwa mchana wa siku hiyo hiyo.

Mwanangu Tausi, miaka minne wakati huo, alikuwa ameshika pindo la koti langu. Akaniambia kwa Kiswidi, maana Kiswahili hukitumia pale tu anapotaka kitu: "Mama, hiyo suruali inasikia baridi."

Nikamjibu, "Ngoja. Sasa hivi itasikia joto."

Wadogo zangu mlioshika kazi ya kutunza vifaa baada yangu, Mama Consolata ameniambia niwaandikie mambo ya kazi ile kwa Kiswahili, kwa sababu mmoja wenu ni wa Uvira, mwingine wa Kampala, na Kiswidi chenu bado ni cha kuulizia njia. Amesema niandike mwanzo hadi mwisho. Siwezi. Mambo yale hayakunijia kwa mpangilio, yalinijia kwa hasira, na hasira haifuati kalenda. Nina miaka thelathini na mmoja na nimestaafu. Mkitaka kucheka chekeni. Kazi ile sikufukuzwa. Niliiacha nilipopata mimba ya pili, maana mimba na glavu za magongo haziishi nyumba moja.

Mkiingia chumba cha kukaushia pale ukumbini mtaona upande wa kushoto kuna ndoana ambazo rangi yake si sawa na za kulia. Mnatundika hapo kila siku. Hazikuota ukutani.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, na kidato cha nne nilikimalizia Kigoma. Barafu nilikuwa naijua ile ya kwenye soda. Nilipofika Stockholm tulipata nyumba Vårby gård, baba Tausi akapata kazi ya kuendesha basi, nami nikabaki na mtoto na vyeti visivyoulizwa na mtu. Consolata tulikuwa tunasali naye. Yeye ni Mrundi kama mimi, anakaa Jakobsberg, na alikuwa anasafisha huo ukumbi. Jumapili moja baada ya ibada akanivuta pembeni.

"Weye Rehema, kuna timu ya wasichana wa chuo wanatafuta mtu wa kutunza vitu."

"Vitu gani?"

"Nguo."

"Nguo najua."

"Hizi huzijui," akasema, na huo ndio ulikuwa usaili wangu.

Nianze na harufu, maana ndiyo itakayowaanza ninyi. Harufu ya glavu ya magongo nimeitafutia mfano miaka yote hii. Chukua dagaa, wasahau ndani ya buti, kisha livae buti hilo uende mkutanoni. Bado hujafika. Hakuna sabuni inayoitoa. Kinachoiua ni hewa kavu ya moto inayopita usiku kucha, basi. Ndiyo maana chumba cha kukaushia ndicho moyo wa ukumbi. Watu hudhani moyo ni barafu. Barafu hata ikiharibika ipo mashine, inapita juu yake na kuilainisha. Glavu iliyolala mbichi mara tatu haina mashine.

Jambo la pili: mtaitwa majina yenu. Msichana wa miaka kumi na tisa, amevua soksi, atakuita "Rehema!" kama anaita paka. Kwetu hata shemeji yangu mdogo haniiti hivyo, mimi ni Mama Tausi. Wiki ya kwanza nilikuwa siitiki. Wakadhani sisikii vizuri, wakaanza kupiga kelele zaidi. Itikeni tu. Hawana ubaya, ndivyo walivyolelewa, na rais wa dunia nzima akija watamwita hivyo hivyo.

Kunoa viatu vya barafuni, vile vyenye chuma chini, nilifundishwa na Gösta. Huyu alikuwa mzee mstaafu kutoka kaskazini kabisa, alikuwa na kijichumba chini ya ngazi chenye mashine ya kunolea, na Jumamosi asubuhi alicheza na wazee wenzake. Gösta haongei. Akikubali jambo anavuta pumzi ndani kwa ghafla, "shup!", na hiyo ndiyo "ndiyo" ya watu wa kwao. Siku ya kwanza nilidhani ana pumu, nikamletea maji. Akayanywa, akasema "shup", nikaenda kuleta mengine.

Alichonifundisha ni hiki. Chuma cha kiatu kina kingo mbili, na katikati kuna mfereji mwembamba. Jiwe linachonga mfereji, mfereji ndio unaoziacha kingo kali. Usisukume. Mkono unaosukuma unaharibu. Acha jiwe lichonge lenyewe. Ukimaliza laza sarafu juu ya kingo, uitazame usawa wa jicho. Ikiinama upande mmoja, rudia. Mimi kwa haraka zangu sikulaza sarafu, nikampa mshambuliaji wetu viatu vyenye ukingo mmoja mrefu. Kipindi kizima alikuwa anakata kushoto tu. Kocha wa wapinzani alidhani ni mbinu, akahamishia mabeki wake huko. Tulipata bao kulia. Lakini msiifanye kuwa desturi.

Vya kipa msivinoe kama vya wengine. Kipa anateleza ubavu, mkivinoa vikali vitang'ang'ania barafu naye ataanguka kabla ya kupigiwa.

Kipa wetu aliitwa Moa. Msichana mrefu, mpole, anasomea ualimu wa watoto wadogo, na akiwa golini anatukana matusi ambayo nilimwomba Tausi asiyarudie. Moa alikuwa na fulana ya ndani ya kijivu. Timu ikiwa inashinda, fulana ile haifuliwi. Hakuna aliyeniambia. Mimi nimelelewa kujua nguo chafu ni aibu ya mwenye nyumba, nikaiona fulana imesimama kwenye ndoana kama ngozi ya mbuzi, nikaichukua nikaifua, nikaipiga na pasi. Wakafungwa saba. Moa hakunigombeza, Waswidi hawagombezi. Aliniuliza taratibu, "Rehema, umebadilisha sabuni?" Nikasema hapana, nimetumia sabuni. Akaitazama ile fulana kama anatazama maiti. Toka siku hiyo kabla sijafua kitu nauliza: hii inafuliwa au inaheshimiwa?

Sasa chumba cha kukaushia.

Pale ukumbini kuna wanaume wanaojiita wa Jumamosi. Wengine wazee, wengine wa makamo, wamecheza pale tangu uwanja haujaezekwa. Hawana ligi. Wanacheza, wanaingia kwenye chumba cha joto kile wanachokiita bastu, wanakaa uchi kwenye mbao wakitokwa jasho, wanakunywa bia nyepesi, wanarudi nyumbani. Sina neno na hilo, kila mtu na starehe yake. Ila walikuwa na desturi ya ndoana. Ndoana za chumba cha kukaushia zilikuwa zinarithiwa. Kila moja na kibao chake cha jina. Mmoja wao alifariki zamani, na ndoana yake ikabaki na jina lake na glavu zake, zinapulizwa hewa ya moto mchana na usiku. Glavu kavu kuliko zote Stockholm. Marehemu alikuwa na ndoana, Moa hakuwa nayo.

Miaka ya kwanza tulibanana tu, tukitundika juu ya vitu vyao na kuondoa kabla ya Jumamosi. Vuli ya msimu ule wa suruali meneja wa ukumbi, Ulf, akaniita. Ulf ni mtu wa sauti laini, hajawahi kumwambia mtu hapana. Akaniambia kwa sasa, kwa muda tu, chumba kitakuwa cha wa Jumamosi peke yao, sisi tutundike kwenye kichanja kule nyuma, karibu na mlango wa mizigo. Kwenye mlango ule ndipo mashine ya barafu inapotokea kwenda kumwaga theluji yake. Dereva wa mashine anauacha wazi, si kwa ubaya, ana kazi yake. Mwaka ule baridi ilikuwa kali hata Waswidi wenyewe waliizungumzia, na Mswidi akiizungumzia baridi ujue ndege wanaanguka.

Nikamfuata Ulf. "Ulf, pale mlangoni nguo zetu hazikauki."

"Maoni mazuri, Rehema."

"Siyo maoni. Zimelowa."

"Tutaliangalia."

"Lini?"

"Baada ya Krismasi."

Baada ya Krismasi nikamfuata tena. Akasema yalikuwa maoni mazuri hata kabla ya Krismasi, na sasa yataangaliwa baada ya likizo ya shule ya Februari. Wadogo zangu, sikilizeni vizuri. Katika nchi hii mtu akikukatalia huwezi kumjua. Hakuna anayefoka, hakuna anayefunga mlango kwa kishindo. Unatoka ofisini umeshika kikombe cha kahawa, umetabasamiwa, na hujapata kitu. Kwetu ukinyimwa unajua umenyimwa, unaenda zako ukalie kwa shangazi. Huku inachukua majira mawili kugundua.

Basi nikaanza kubeba vitu vya kipa kwenda kuvikausha nyumbani. Kutoka ukumbini mpaka Vårby gård ni treni, kubadilisha katikati ya mji, kisha treni ya chini ya ardhi mpaka karibu mwisho wa mstari mwekundu. Saa ambayo watu wanasimama wamebanana mimi na Tausi na mfuko wetu tulikuwa tunakaa, viti vyote vinne. Watu walikuwa wanaingia kituo cha Sundbyberg, wanapumua, wanahamia behewa jingine. Tausi alilala njia nzima miguu juu. Nilishukuru, lakini haikuwa raha.

Nyumbani pia ikawa vita. Nyumba zetu zina chumba cha kufulia cha pamoja, unachukua saa zako na usipitilize. Siku moja nikakuta kikaratasi: "Je, kuna mnyama aliyekufa ndani ya kabati la kukaushia? Naulizia tu." Nikaandika chini yake: "Hapana. Ni timu ya chuo." Kesho yake mtu mwingine akaongeza: "Timu ya nini?" Tukaendelea hivyo mpaka karatasi ikajaa. Baba Tausi, ambaye hapendi magomvi, akasema, "Mke wangu, hiyo mifuko ilale kwenye roshani." Nikamwambia imelala mlangoni kwenye baridi majuma yote, roshani itakuwa na tofauti gani. Akasema tofauti ni kwamba roshani haiko chumbani kwetu.

Mnaona basi. Nguo mbichi huvaliwa na watu. Januari wasichana walianza kukohoa, mmoja, wawili, kisha nusu ya kikosi, na ikafika mechi ambayo hatukuwa na watu wa kutosha kuingia barafuni. Tukahesabiwa kuwa hatukutokea. Sheria ya ligi ile ilikuwa rahisi: timu isiyotokea mara mbili inaondolewa. Na chuo kilikuwa kimeshasema kikiondolewa ligi basi hakuna timu tena, fedha zitakwenda kwenye mchezo mwingine wenye watu wengi na nguo chache. Moa alinieleza hayo huku anafunga utepe kwenye gongo lake, hanitazami. "Mwakani namaliza," akasema. "Mimi sitaumia. Wale wa mwaka wa kwanza ndio hawatakuwa na pa kwenda."

Ndiyo maana ile asubuhi ya suruali haikuwa asubuhi ya suruali tu. Mechi ya mwisho ya msimu, vifaa vyote vimeganda, hata vya kipa, maana usiku ule sikuvibeba nyumbani, na kipa hawezi kuingia golini bila vikinga. Wapinzani walikuwa tayari njiani.

Nikakishika kichanja upande mmoja, Tausi akashika mwingine, tukakisukuma ndani. Chumba cha kukaushia kilikuwa kimefungwa, ufunguo wanao wa Jumamosi, na wa Jumamosi walikuwa kwenye bastu. Niliposimama mbele ya mlango ule wa mbao nikasikia joto linatoka chini yake. Hapo ndipo akili ilinijia, au ilinitoka, watu hawajakubaliana mpaka leo.

Nikamwambia Tausi ageukie ukuta. Kisha nikabisha hodi. Sisi watu wa Buyenzi tunabisha hodi hata tukiwa na hasira.

Sauti ikasema, "Ndiyo?"

Nikafungua, nikaingia na kichanja.

Walikuwa wamekaa kwenye ngazi za mbao, wekundu, kila mmoja na kitambaa kidogo chini yake, siyo juu yake. Gösta alikuwa ngazi ya juu kabisa.

"Msinyanyuke," nikasema.

Hakuna aliyekuwa na mpango wa kunyanyuka. Mmoja mwenye ndevu akasema kwa adabu, "Samahani, hapa ni kwa wanaume."

"Najua. Hizi ni glavu. Hazitawatazama."

"Lakini kuna utaratibu wa..."

"Mlitaka zipate hewa safi. Zimepata. Sasa zinataka ya moto."

Nikaanza kutundika. Pale penye taulo nikaweka kikinga mabega, pale penye ndoo nikaegemeza vikinga miguu vya kipa. Mlango ulikuwa haujafungika vizuri, na Tausi, kama mjuavyo, alikuwa ameshageuka. Akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barafuni, "Mama, kwa nini akina babu hawana nguo?"

"Wamezitundika kwenye chumba cha kukaushia, mwanangu."

Sasa kuna jambo sikuwa nimelifikiria. Barafu ilikuwa imeifungia ile harufu ndani. Ilipoanza kuyeyuka, matone yakadondoka kwenye mawe ya moto, mawe yakatoa mvuke, na mvuke ule ukawa ni msimu wetu mzima, tangu vuli, umepanda hewani kwa wakati mmoja. Mwenye ndevu akafumba macho. Aliyekuwa karibu na mawe akasema "samahani" akatoka. Mwingine akasema "samahani" akatoka. Mswidi hata akiwa anakimbia moto anaomba radhi kwa aliyemkanyaga. Mwisho akabaki Gösta.

Akashuka ngazi moja. "Glavu juu kabisa," akasema. "Vidole vitazame juu. Viatu usivilete humu, gundi itaachia." Kisha akanyoosha mikono. "Nipe suruali."

Nikampa. Akaipakata, jambo lililotusaidia wote wawili, akawa anaigeuza taratibu kama mtu anayechoma mahindi.

Nikamuuliza, "Gösta, ulijua kwamba wamezitoa nje?"

Akaigeuza suruali upande wa pili. Kisha akavuta pumzi ndani.

"Shup."

Wadogo zangu, nimetukanwa kwa Kirundi, kwa Kiswahili, na mara moja kwa Kifini. Hakuna lililoniuma kama hilo. Mtu aliyenifundisha kulaza sarafu.

"Na glavu za marehemu," nikasema, "nazo huwa mnazitoa zipate hewa?"

Aliendelea kugeuza suruali mpaka ikalegea, ikakunjika, akanirudishia kwa mikono miwili. Kisha akaenda kuvaa, akarudi na ufunguo wa chumba chake cha kunolea, akanoa viatu vya timu yote bila kuombwa. Sikumshukuru. Nilimletea maji.

Mechi ilichezwa. Nguo hazikuwa kavu, zilikuwa mbichi za moto, na walipoingia barafuni wakawa wanafuka moshi. Moa alipopiga magoti golini mvuke ulimtoka shingoni na mikononi, refa akasimamisha mchezo akaenda kumuuliza kama anaungua. Moa akamjibu kitu, refa akarudi haraka. Washambuliaji wa wapinzani siku ile walipendelea kupiga kutoka mbali. Sisemi ndiyo sababu. Nasema walipendelea. Tulishinda moja bila, na fulana ya kijivu haikufuliwa mpaka majira ya joto.

Jumatatu Ulf akaniita. Mezani kulikuwa na kahawa na mikate ya mdalasini. Ukiona mikate ya mdalasini na hakuna aliyezaliwa siku hiyo, kaa karibu na mlango.

"Rehema, wa Jumamosi wamejisikia kuvamiwa."

"Sisi tulijisikia kugandishwa."

"Naelewa. Maoni mazuri. Lakini wameandika." Akagusa karatasi bila kuifungua. "Nafikiri ingekuwa vizuri ukiwaandikia radhi. Fupi tu. Na mpaka iandikwe, labda upumzike nyumbani kidogo."

"Na chumba?"

"Chumba ni jambo jingine. Hilo tutaliangalia."

Nikala mkate wangu, nikamchukulia Tausi mmoja, nikaondoka.

Consolata alikuwa ananingoja kwenye korido, na ndoo. Nilidhani atanikumbatia.

"Weye! Unajua nani anasugua zile mbao za bastu? Unajua?"

"Dada Consolata..."

"Usiniite dada. Tangu jana nasugua. Zinanuka kama Nuhu na safina yake. Ulf unaye, wazee unao, mimi nimekukosea nini?"

Alikuwa na haki. Nikavua koti, nikachukua brashi, tukasugua wote, Tausi akimwaga maji mahali pasipotakiwa. Tulipofika ngazi ya juu Consolata akawa amepoa kidogo.

"Utaandika hiyo radhi?"

"Siandiki."

"Watakufuta kazi. Mtoto huyu, na huyo baba yake wa basi..."

"Nikiandika radhi, mwakani wasichana wale watakuwa palepale mlangoni."

Akasugua. "Basi kama huandiki radhi, andika kitu. Huku mdomo hausikiki, weye. Umeongea na Ulf tangu vuli, umepata nini? Mikate. Andika malalamiko, yaende juu yake, wayapige muhuri. Wakishapiga muhuri lazima wajibu." Akanyoosha brashi usoni kwangu. "Lakini hasira usiandike. Hasira yako wataifanyia mkutano. Andika kilicholowa."

Hilo ndilo fundisho kubwa kuliko la sarafu, na lilitoka kwa mtu aliyekuwa amenikasirikia mimi.

Usiku huo nikaandika kwanza kwa Kiswahili, maana kwa Kiswidi nilikuwa sijui bado kusema ukweli bila kuomba samahani. Nilichana mbili. Ya kwanza ilikuwa na matusi, ya pili ilikuwa na Biblia. Ya tatu Moa alinisaidia kuigeuza Kiswidi. Alitaka kuongeza "kwa heshima kubwa" nikamwambia hapana, heshima ya kawaida inatosha. Asubuhi nikavaa koti la kanisani, nikamshika Tausi mkono, nikaipeleka mwenyewe kwenye dirisha la ofisi ya manispaa, nikangoja mpaka nikauona muhuri. Hii hapa, kama nilivyoiandika.

*

Kwa ofisi ya manispaa inayosimamia kumbi za michezo.

Mimi ni mtunza vifaa wa timu ya wanawake ya chuo. Nalalamikia chumba cha kukaushia.

Tangu vuli timu yangu imeondolewa kwenye chumba hicho. Vifaa vyetu vinatundikwa kwenye mlango wa mizigo, ambao hukaa wazi wakati theluji ya mashine inamwagwa. Havikauki. Wachezaji wamevaa vifaa vibichi majira yote ya baridi. Wameugua, na mechi moja hatukuweza kucheza. Siku ya mechi ya mwisho vifaa vyote vilitolewa nje vikaganda. Waliovitoa waliacha kikaratasi. Nakiambatisha. Uso uliochorwa chini ni wa kwao, siyo wangu.

Nimemwambia meneja wa ukumbi kwa mdomo mara nyingi. Kila mara nimeambiwa kwamba maoni yangu ni mazuri. Hayakuwa maoni.

Ni kweli niliingia kwenye bastu ya wanaume nikiwa na vifaa. Nilibisha hodi. Hakukuwa na sehemu nyingine ya joto iliyokuwa wazi. Nimeombwa niandike radhi. Mbao nimezisugua pamoja na msafishaji, naye ndiye niliyemwomba radhi, kwa sababu ndiye niliyemwongezea kazi.

Naomba timu ya wanawake ipewe upande mmoja wa chumba, pamoja na ndoana, kuanzia msimu ujao. Ndoana moja chumbani humo ni ya mtu aliyefariki. Hiyo hatuiombi.

Naomba jibu kwa maandishi.

Mkihitaji kuhakikisha ninayosema, glavu za kipa ninazo nyumbani na bado hazijakauka. Nitazileta ofisini kwenu siku yoyote mtakayonipangia. Nitakuja kwa treni, mfuko ukiwa umefungwa, na nitaufungulia mezani kwenu.

Rehema, mtunza vifaa